Asiyekuwapo na Lake Halipo

Mazungumzo juu ya msimu wa timu ya mpira, yaliyokusudiwa walimu, wazazi na vijana wa shule na vyuo vya Osiri na pande zote za Migori na Homa Bay



Msimu wa mpira ukiisha, desturi ya watu ni kukaa chini ya mti na kuuhesabu. Huhesabiwa mabao, huhesabiwa vikombe, na kijana aliyefunga bao la mwisho husifiwa mpaka jua likazama. Hesabu hizo ni nzuri, nazo huwafurahisha wazee kwa watoto. Walakini iko hesabu moja ambayo wengi huisahau, na bila hiyo zile nyingine zote ni bure: katika michezo yote iliyoandikwa katika ratiba, timu ilihudhuria mingapi? Mazungumzo haya ni juu ya hesabu hiyo, na ushahidi wake hautafutwi mbali. Uko Awendo, penye mashamba ya miwa, katika kaunti ya Migori yenyewe.

Msimu ni nini

Yafaa kwanza kueleza maana ya msimu, kwa ajili ya wazazi ambao huuona mpira siku ya fainali tu. Mchezo mmoja ni dakika 90, wachezaji 11 kwa 11, nao huisha jioni ile ile. Msimu ni jambo jingine. Katika ligi, kila timu hukutana na kila timu nyingine mara 2, mara moja nyumbani na mara moja ugenini. Ikiwa timu ni 18, basi kila moja ina michezo 34 ya kucheza. Ishindapo hupata pointi 3, ikienda sare hupata pointi 1, na ikishindwa haipati kitu. Mwisho wa msimu pointi hujumlishwa, na mwenye nyingi ndiye bingwa.

Mashindano ya shule huenda kwa njia nyingine. Timu huanza karibu na nyumbani, kisha mshindi hupanda ngazi: kaunti ndogo, kaunti, mkoa, hata taifa zima. Huko hakuna nafasi ya kukosa siku moja. Timu isiyofika uwanjani imekwisha kutoka, hata kama ilikuwa na wachezaji hodari kupita wote.

Kwa hiyo katika njia zote mbili, ratiba ni mkataba. Timu inapokubali jina lake liandikwe humo, imewaahidi wenzake kwamba siku fulani, saa fulani, watakuwapo. Na wahenga wamesema kwamba ahadi ni deni.

Chuo kilichopata ubingwa wa nchi

Ligi ya taifa ya Kenya ilianza mwaka wa 1963, na bingwa wa kwanza alikuwa Nakuru All-Stars. Tangu hapo ubingwa umekwenda kwa timu za miji, timu za makampuni na timu ya askari. Huenda vijana wengi wa vyuo hudhani ya kuwa ubingwa huo hauwahusu, kwa sababu mwanafunzi ana masomo na mitihani, naye hana mshahara. Lakini mwaka wa 1997 bingwa wa Kenya alikuwa Utalii, timu ya chuo cha Nairobi kinachofundisha kazi za hoteli na utalii. Chuo hicho kilianzishwa mwaka wa 1975 kwa msaada wa serikali ya Uswisi, ili kuwafunza vijana kupika, kuandalia meza na kuwapokea wageni. Jina la chuo likasimama juu ya majina ya Gor Mahia, AFC Leopards na Kenya Breweries.

Basi neno lile kwamba timu ya chuo haiwezi kitu, si kweli. Imewezekana mara moja. Hata hivyo jina la Utalii halimo tena katika ligi kuu. Hili nalo ni fundisho: kikombe hakiilindi timu isife.

Awendo mwaka wa 2006

Sasa habari za Awendo. Mtu atokaye Kisii kwenda Migori kwa barabara kuu iendayo mpaka wa Tanzania hupita Rongo, kisha hufika Awendo. Hapo ndipo kilipojengwa kiwanda cha sukari cha Nyanza ya Kusini katika miaka ya 1970, na timu ya kiwanda hicho ikaitwa SoNy Sugar. Uwanja wake uko papo hapo, nao huitwa Green Stadium.

Kwa muda wa miaka 3, yaani 2003, 2004 na 2005, ubingwa wa Kenya ulikuwa wa Ulinzi, timu ya askari. Mwaka wa 2006 ukahamia Awendo. Timu ya wakulima wa miwa ikawa bingwa wa nchi nzima, ikawaacha nyuma wakubwa wa Nairobi. Haikuwahi kuupata kabla ya hapo, wala haikuupata tena baadaye. Mwaka wa 2007 Tusker waliuchukua.

Ushindi huo ulipatikana katika mwaka wa taabu. Viongozi wa mpira wa Kenya walikuwa katika magomvi marefu, hata mwezi wa Oktoba 2006 FIFA iliisimamisha Kenya isicheze na mataifa mengine, na amri hiyo haikuondolewa mpaka Machi 2007. Wakubwa waligombana, lakini wachezaji wa Awendo waliendelea kufuata ratiba yao, mchezo baada ya mchezo.

Mkulima wa miwa hahitaji kuelezwa sana jambo hili. Muwa hukaa shambani miezi 18 au zaidi kabla ya kukomaa, na muda huo wote hupaliliwa bila kuleta senti. Kisha ukikatwa, haungojei. Lazima ufike kiwandani upesi, maana kila siku unayolala njiani sukari yake hupungua. Msimu wa mpira ni hivyo hivyo. Mazoezi ni miezi mingi isiyo na malipo, na siku ya mchezo ikifika, haina kesho.

Awendo mwaka wa 2019

Miaka 13 baada ya ubingwa ule, timu ile ile ilitolewa katika ligi kuu. Haikutolewa kwa sababu ya kufungwa mabao mengi. Ilitolewa kwa sababu haikufika uwanjani.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mwaka wa 2019 kampuni ya michezo ya kubahatisha iliyokuwa mfadhili mkuu wa ligi, SportPesa, ilijiondoa baada ya mzozo na serikali juu ya leseni na kodi. Timu nyingi zilibaki bila fedha ya safari. Huko Awendo kiwanda chenyewe kilikuwa na matatizo yake, kwani viwanda vya sukari vya serikali vilikuwa vimelemewa na madeni, na wakulima walikuwa wakilalamika juu ya malipo yao. Mkono wa kwanza ulipoondoka, mkono wa pili nao ulikuwa mtupu. Timu ikashindwa kuhudhuria mchezo mmoja, halafu wa pili, halafu wa tatu. Sheria ya ligi ilikuwa wazi kwamba timu ikosayo michezo 3 hutolewa. Mwezi wa Novemba 2019 SoNy Sugar ikatolewa, na matokeo ya michezo iliyokwisha kuicheza yakafutwa. Ligi iliyoanza na timu 18 ikaendelea na 17.

Yatazamwe vizuri maneno hayo, kwamba matokeo yalifutwa. Timu ifungwayo huandikwa katika jedwali, hata kama ni mkiani. Kijana aliyeifungia bao, bao lake limeandikwa. Lakini timu isiyokuwapo huondolewa jina, na jasho la wale waliocheza michezo ya mwanzo likahesabiwa kama halikutoka. Hiyo ndiyo maana ya mithali isemayo, asiyekuwapo na lake halipo.

Si haki kuwalaumu wachezaji. Mtu anayetaka kujua uzito wa mzigo ule na apige hesabu ya safari moja tu. Kutoka Awendo mpaka Mombasa, ambako timu ya Bandari hucheza, ni zaidi ya kilomita 800, na kurudi ni nyingine kama hizo. Wachezaji 18, kocha, msaidizi wake, mganga wa timu na dereva ni watu 22. Safari ikichukua siku 3, na kila mtu akila mara 3 kwa siku, ni sahani 198 za chakula. Bado mafuta ya gari na mahali pa kulala. Hakuna kijana awezaye kulipa deni hilo kwa miguu yake, hata awe hodari namna gani. Kosa lilikuwa katika nguzo. Nyumba yote ilitegemea nguzo mbili tu, nazo zikaanguka kwa wakati mmoja.

Jambo hili lawahusu nini watu wa Osiri

Huenda mzazi wa Osiri akauliza: ligi kuu ni ya watu wa makampuni, nayo ina faida gani kwa mtoto aliye chuoni au sekondari?

Jibu liko katika ardhi ya Osiri yenyewe. Pande hizi zina dhahabu, na watu huichimba kwa mikono katika mashimo marefu, huponda mawe, na huikusanya dhahabu kwa zebaki, ambayo ni sumu ya polepole. Hapo Macalder ulikuwako mgodi mkubwa wa shaba ambao ulifungwa katika miaka ya 1960, lakini mashimo ya wachimbaji wadogo hayajakoma. Sheria ya Kenya inakataza mtoto kufanya kazi ya mgodini. Walakini shimo liko karibu na shule, nalo hutoa fedha siku hiyo hiyo, na shule hutoa faida baada ya miaka mingi. Kijana wa miaka 16 huona hesabu hizo mbili kila asubuhi.

Kwa vijana wengi timu ya mpira ni miongoni mwa vitu vichache viwezavyo kumvuta mtu darasani siku asiyotaka kwenda. Hajui kama algebra itamfaa, lakini anajua kwamba Ijumaa wana mchezo, na kwamba asiyehudhuria masomo hachezi. Basi timu ikiandika ratiba na kisha isiende, kwa sababu gari halikupatikana au karani alisahau, hasara haiishii katika pointi 3. Kijana yule amefundishwa na wakubwa wake kwamba ahadi ya shule haina uzito. Shimo la dhahabu halimdanganyi hivyo, naye atakwenda huko.

Wachimbaji wenyewe wanaijua kanuni hii. Mawe yakitolewa shimoni hugawanywa kwa wale waliofanya kazi, na asiyeshuka hana fungu. Yafaa timu ya chuo iwe na adabu isiyopungua ile ya shimoni.

Kufungwa kuna dawa

Wako vijana wanaokata tamaa kwa sababu ya kufungwa. Hao wakumbushwe habari za Gor Mahia, timu iliyopewa jina la mtu wa pande hizi hizi. Gor wa Ogalo alikuwa mganga mashuhuri wa Kanyamwa, huko Ndhiwa katika Homa Bay, na mahia ni neno la Kijaluo lenye maana ya maajabu. Timu yenyewe iliundwa mwaka wa 1968 kwa kuungana Luo Union na Luo Stars, ikawa bingwa mwaka huo huo. Mwaka wa 1976 ilimaliza ligi bila kufungwa hata mchezo mmoja.

Ndipo mwaka wa 1979 ikafika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika, ikakutana na Canon ya Yaoundé kutoka Kamerun. Ilifungwa 2 kwa 0 Nairobi. Watu wengine wangeona afadhali kukaa nyumbani, lakini timu ilisafiri mpaka Yaoundé kwa mchezo wa pili, ikafungwa 6 kwa 0. Jumla mabao 8, bila kupata hata moja. Ilikuwa fedheha, lakini iliandikwa, na jina la timu likabaki katika kitabu.

Mwaka wa 1987 Gor Mahia ilirudi katika fainali ya kombe lile lile, chini ya nahodha Austin Oduor. Ilikwenda sare ya 2 kwa 2 na Espérance mjini Tunis, kisha sare ya 1 kwa 1 Nairobi, ikashinda kwa sababu ya mabao iliyofunga ugenini. Hakuna timu nyingine ya Kenya iliyopata kombe la bara zima kwa klabu. Wapo waliosema ni maajabu ya Gor wa Ogalo. Ukweli ni kwamba kombe lile lilipatikana kwa yale mabao 2 ya Tunis, na mabao ya ugenini hufungwa na timu iliyosafiri.

Wala fundisho hili si la wavulana peke yao. Mwezi wa Oktoba 2024 wasichana wa Kenya wenye umri usiozidi miaka 17 walikwenda Jamhuri ya Dominika, wakawa timu ya kwanza ya Kenya ya mpira wa miguu kucheza katika Kombe la Dunia. Walifungwa na Uingereza, wakafungwa na Korea ya Kaskazini. Wakaingia uwanjani mara ya tatu wakiwa na vichapo 2 mgongoni, wakawashinda Meksiko 2 kwa 1. Wasichana wa umri wa sekondari ndio walioipa Kenya ushindi wake wa kwanza katika kombe hilo.

Mambo ya kufanya kabla ya msimu

Basi timu ya chuo au ya shule ifanye nini? Yako mambo matano, na hakuna hata moja linalohitaji mali nyingi.

Kwanza, fedha ya safari itengwe kabla ya fedha ya jezi. Jezi mpya hupendeza katika picha, lakini timu yenye jezi kuukuu iliyofika uwanjani hupata pointi, na timu yenye jezi mpya iliyobaki nyumbani haipati. Ikiwa fedha hazitoshi ratiba nzima, ni afadhali kuingia mashindano madogo na kuyamaliza, kuliko kuingia makubwa na kuyaacha katikati.

Pili, nguzo ziwe nyingi. Wazazi watoe kidogo, wanafunzi waliomaliza watoe kidogo, wenye maduka sokoni waombwe, na wanachuo walime shamba la timu ikiwezekana. Haba na haba hujaza kibaba. Mfadhili mmoja mkubwa ni baraka, lakini siku atakapoondoka haitangazwi mbele. Na kila senti iingiayo iandikwe katika daftari, na daftari hilo lisomwe mbele ya watu kila mwezi, maana mchango usiosomwa hautolewi mara ya pili.

Tatu, wachezaji wasiwe 11 tu. Timu yenye vijana 11 huvunjika kwa homa ya malaria ya mmoja. Wafundishwe 18 au 20, na wale wa akiba wachezeshwe kweli katika michezo midogo, ili siku ya haja wasiwe wageni.

Nne, kalenda ya mpira iwekwe kando ya kalenda ya mitihani tangu siku ya kwanza ya muhula. Mwalimu wa michezo na mwalimu wa masomo wakae meza moja. Timu nyingi za vyuo hukosa michezo ya mwisho kwa sababu ya mtihani ambao tarehe yake ilijulikana miezi 3 mbele.

Tano, ikiwa kuna jambo lisiloepukika, kama vile msiba au mafuriko, barua ipelekwe mapema kwa wenye mashindano na kwa wapinzani. Wapinzani nao wana wazazi waliochanga nauli. Kuomba siku nyingine kwa adabu ni haki ya kila timu. Kunyamaza na kuwaacha wenzako uwanjani chini ya jua ni dharau, na dharau haisahauliki upesi kama mabao.

Kazi ya wiki hii

Katibu wa kila timu atwae karatasi moja kubwa. Upande wa kushoto aandike michezo yote ya msimu, kila mmoja na tarehe yake na mahali pake. Upande wa kulia aandike gharama ya kufika huko, na jina la mtu aliyeahidi kuitoa. Karatasi hiyo ibandikwe penye mlango wa chumba cha kulia chakula, ambapo kila mwanachuo hupita mara 3 kwa siku. Mahali ambapo pana tarehe lakini hapana jina la mtoaji, hapo ndipo timu itakapokosekana, na kila apitaye ataliona pengo hilo wakati bado upo muda wa kuliziba.